Jinja si ya watalii tu

Dada, umeuliza kama Jinja, hapa Uganda, inafaa kuhamia na watoto, au ni mji wa watalii tu. Mimi nasema njoo. Jua lipo karibu mwaka mzima, lakini haliunguzi kwa sababu tuko juu ya mita 1,100 na upepo wa ziwa haukatiki. Jioni shuka Masese uone mitumbwi ikirudi: sato bado anapigapiga mkia, mama anamparua magamba hapohapo huku mnapatana bei. Samaki wa namna hiyo Kampala utamsikia tu!

Mji unakua kweli. Tangu 2018 tuna daraja jipya la Nile, na 2020 Jinja ikapewa hadhi ya jiji. Kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Kampala, na Kiswahili chako hakitakaa bure, hasa mtaa wa Walukuba na kwa madereva wa malori.

Kazi za ofisini ndizo chache, hilo lifikirie vizuri. Kampala ni kilomita 80 hivi, ila foleni ya Mukono inachosha mno kwa kwenda na kurudi kila siku. Ukipata shughuli hukuhuku, usisite.