Istilahi za fasihi darasani: maswali yenu na majibu

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wamekariri tamathali zote za usemi. Kwenye mtihani wanaandika "mwandishi ametumia tashihisi" (kukipa kitu sifa za binadamu) na kuishia hapo. Nifanye nini? (Mwalimu, Kilifi)

Geuza mpangilio: jina la mbinu lije mwisho. Andika ubaoni sentensi moja, hata uliyoitunga mwenyewe, kwa mfano: "Kisima kilimtazama Zawadi kwa jicho lililokaukiwa na machozi." Usitaje istilahi yoyote. Uliza: nani anatazama? Kisima kina jicho? Mbona jicho hilo halina machozi? Watakwambia wenyewe kwamba kisima kimekauka, kwamba kinafanana na mtu aliyelia hadi akaishiwa, na pengine mmoja atasema huenda Zawadi naye amefika hapo. Sasa wape neno tashihisi. Litawakaa, kwa sababu tayari wamekiona kinachotajwa.

Kisha wadai sentensi yenye mbinu, ushahidi na athari: "Kwa kukipa kisima jicho lisilo na machozi, mwandishi anatumia tashihisi kuonyesha kwamba ukame umedumu mpaka hata huzuni imekwisha." Jibu la "ametumia tashihisi ili kuipamba kazi" lirudishe kila mara, hata kama istilahi ni sahihi. Kauli hiyo unaweza kuibandika kwenye mbinu yoyote ile, kwa hiyo haielezi hata moja.

Kinaya na kejeli vinawachanganya sana. Kuna njia rahisi? (Mwalimu, Machakos)

Tumia kisa kimoja kwa yote mawili. Mlinzi wa usiku anaibiwa viatu akiwa amevivaa. Hicho ni kinaya: tulitarajia alinde, na yeye ndiye aliyeibiwa. Asubuhi jirani anamwambia, "Hongera, bwana mlinzi, tumelala salama salimini!" Hiyo ni kejeli: maneno ya sifa yanayokusudiwa kuumiza. Waulize kila mara kama kinachogongana ni matukio na matarajio, au kuna mtu anayemcheka mwenzake kwa maneno. Kauli ya jirani ina kinaya ndani yake pia, kwani anasema kinyume cha anachomaanisha. Usiwafiche hilo, vijana wa miaka kumi na sita wanaweza kulibeba.

Tumehama Arusha kuja Nairobi. Mwanangu aliandika kwamba dhamira ni sehemu ya maudhui, akakosolewa. Nani ana haki? (Mzazi)

Mama, mwanao hakudanganywa na walimu wake wa awali. Tanzania, uhakiki wa shuleni huigawa kazi ya fasihi katika fani (jinsi ilivyoundwa) na maudhui (yale inayosema). Chini ya maudhui huwekwa dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Kenya, maudhui ni yale mambo yanayozungumziwa, kama ufisadi au elimu, na dhamira ni kusudi la mwandishi kuyazungumzia. Hata tamathali hutofautiana majina: mubaalagha, yaani kutia chumvi, aliyoizoea huko, huku mara nyingi ataisikia ikiitwa chuku. Mnunulie daftari dogo, agawe ukurasa pande mbili, aandike istilahi ya huko na ya hapa. Nawasihi walimu wanaopokea watoto kama huyu: kabla ya kuweka alama ya kosa, muulizeni alimaanisha nini.

Nikiuliza sifa za mhusika napata "mzuri", "mbaya" na "mwenye bidii" tu. (Mwalimu, Mwanza)

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pengine popote. Tunawafundisha takriri (kurudiarudia maneno) na tanakali sauti (maneno yanayoiga milio), tunasahau maneno ya kumweleza binadamu. Wape maneno yanayokaribiana na uwaache wabishane: mpole au mwoga? Mwerevu au mjanja? Jasiri, shupavu au mkaidi? Chukua Sungura wa hadithi zetu. Nusu ya darasa imtetee kuwa mwerevu, nusu imshtaki kuwa mlaghai, na hakuna kusema bila kutaja tendo lake. Baada ya dakika chache utasikia mtu akisema, "Alikuwa mwerevu mpaka pale alipomdhulumu aliyemwamini." Mwambie aiandike papo hapo. Huo ni uhakiki, na ameufanya kwa maneno yake mwenyewe.

Istilahi ngapi kwa wiki? (Mwalimu mpya, Kakamega)

Tano au sita. Orodha ya maneno arobaini mwanzoni mwa muhula hunakiliwa vizuri na kusahaulika vizuri. Rudia za wiki iliyopita kwenye kifungu kipya.

Shikamoo, mwalimu. "Eleza", "jadili" na "thibitisha", si ni yale yale? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Hapana, na alama nyingi hupotea hapo. Ukiambiwa thibitisha, kauli imeshakubaliwa kuwa kweli. Kazi yako ni kuleta ushahidi, si kuipinga. Jadili inakutaka uipanue hoja, na kama ina pande mbili uzionyeshe. Eleza inataka jambo lieleweke kwa msomaji, kutaja tu hakutoshi. Swali likidai hoja tatu kutoka katika kila kitabu, hesabu zako kabla ya kuanza kuandika. Wenzako wa Kenya nao hukutana na "eleza muktadha wa dondoo hili" kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Anayesahau mahali ameacha alama mezani.

Vikundi vyangu hujadili kwa Sheng, lugha ya mtaani ya vijana. Niwakataze? (Mwalimu, Nairobi)

Usiwakataze kwenye mazungumzo ya kwanza. Kijana anayesema "huyo msee ni snitch" amekwisha kumwelewa mhusika. Anachokosa ni neno msaliti na ukurasa wa kumthibitishia. Waache wazungumze, kisha kila kikundi kiandike hoja moja kwa Kiswahili sanifu na kuisoma mbele ya wenzao. Wengine wasikilize kama ushahidi umo.