Kwa maafisa ugani wapya: kabla ya kubishania mahindi ya Bt

Ukiulizwa kama GMO (mazao yaliyobadilishwa jeni) itamaliza njaa, uliza kwanza: zao lipi, jeni gani? Chukua mahindi ya Bt, yanayolimwa Afrika Kusini tangu 1998. Jeni yake imetoka kwa bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini; funza wa mabua akitafuna jani, protini hiyo hutoboa utumbo wake, anaacha kula, anakufa. Kazi yake inaishia hapo. Haileti mvua, haigusi vidukari wala dumuzi wa ghalani, na msimu usio na funza mkulima atakuwa amelipia kinga asiyoihitaji. Wala haimpi maskini pesa ya unga. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha kuwa njaa ya Bengal, India, ya 1943 iliua watu waliokosa uwezo wa kununua chakula, si kwa sababu tu chakula kilipungua. Kwa hiyo bei na ghala viulizwe sambamba na mbegu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye hifadhi, yaani sehemu ya shamba inayopandwa mahindi ya kawaida, yasiyo ya Bt. Kwa hekta 100, Afrika Kusini ilitaka hekta 20 zinazopuliziwa dawa, au 5 zisizopuliziwa. Zipandwe siku zilezile, jirani na Bt, ili nondo (funza waliokomaa) watoke kwa wakati mmoja: wachache sugu, wasiouawa na Bt, wajamiiane na wengi wasio sugu, na usugu uchelewe kuenea. Msichanganye mbegu kwenye mstari mmoja, maana funza huhama mche hadi mche, akaonja sumu kidogo na kupona. Wakulima wengi waliipuuza hifadhi, na 2007 ikachapishwa ripoti ya funza sugu. Hili lilizuilika, na linauma.

Hatari hiyohiyo huja mkulima akipanda tena punje za chotara alizovuna. Mbegu ikiwa imebeba jeni upande wa mzazi mmoja tu, takribani robo ya miche itaikosa, na shamba linakuwa mchanganyiko.

Akilalamika kuwa Bt inaliwa, usikimbilie kutamka usugu. Tumia kipimo cha karatasi cha protini ya Bt: ponda kipande cha jani kwenye kichupa chenye maji yaliyokuja nacho, tumbukiza karatasi, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mistari miwili, protini ipo. Mstari wa uthibitisho (unaoonyesha kipimo kinafanya kazi) peke yake, haipo: mbegu si ya Bt, au imechanganyika. Pasipo mstari wowote, kipimo ni kibovu, rudia. Pima miche kadhaa kutoka kona mbalimbali, hasa ile iliyoliwa. Miche yenye protini ikiwa na funza wakubwa walio hai, hapo ndipo utoe taarifa.