Dereva, Usishindane na Saa za Alfajiri

Kama wewe ni dereva wa trela unayetoka mpakani Malaba kwenda Kampala, au unayeshuka kutoka mpaka wa Elegu, kuna muda mmoja wa usiku ambao nakuomba uuheshimu kuliko mizani na vizuizi vyote vya polisi. Ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Joto la mwili hushuka kuliko wakati mwingine wowote wa siku, homoni ya usingizi iitwayo melatonini imejaa katika damu, na ubongo hauna hamu ya kitu kingine ila kulala. Nimeendesha magari makubwa kwenye barabara hizi kwa miaka mingi, na kila nikikaa na vijana wanaoanza kazi, naanza nao hapo kabla hatujagusa gia.

Mwili una saa yake. Ni kundi la seli kama 20,000 ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Saa hii haingoji uitazame na wala haiwezi kubembelezwa. Mwaka 1938 mtafiti mmoja wa Marekani, Nathaniel Kleitman, aliingia na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth kule Kentucky, wakakaa zaidi ya mwezi mzima bila kuona jua, wakijaribu kuishi siku ya saa 28. Yule kijana alizoea. Kleitman, aliyekuwa ameshavuka miaka 40, hakuzoea: joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa mzunguko uleule wa saa 24. Nawaambia hivi madereva wa rika langu wanaojilinganisha na vijana. Kukesha ulikokuweza ukiwa na miaka 25, mwili wa miaka 45 unakukatalia, na si kwa uvivu wako.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Nguvu zinazomlaza mtu ni mbili. Moja ni hiyo saa. Nyingine ni uchovu unaojikusanya ubongoni tangu dakika uliyoamka, kwa njia ya kemikali iitwayo adenosini, na dawa yake ni usingizi tu. Sasa mtazame dereva aliyekesha. Ikifika saa moja asubuhi anajisikia amefufuka. Jua limetoka, saa ya mwili imeanza kupandisha joto na kuamsha kotisoli, homoni ya kumchangamsha mtu, macho yamefunguka, naye anasema usingizi umekwisha. Haujakwisha. Deni lote liko palepale, ila saa imemwinua kwa muda. Ikifika saa nane mchana, ambapo saa ya mwili hulegea kidogo kwa kila mtu, hata aliyeshinda na njaa, deni lile humwangukia lote kwa mpigo. Wengi huogopa usiku na kusahau huo mchana.

Ukifika hapo, macho yanaweza kuwa wazi na ubongo ukawa umelala kwa sekunde tatu au nne. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90. Katika msitu wa Mabira, ambako unaweza kukuta lori limeharibika limeachwa njiani bila taa, mita 90 zinatosha kuua watu wengi.

Naluwerere, pale Bugiri, mnapajua. Usiku mmoja malori yamepangana pande zote mbili, utingo mmoja akaja kugonga mlango wangu. "Mzee, shikamoo. Bosi anapiga simu, anataka tuwe Kampala kabla hapajakucha. Dereva wangu hajalala tangu jana. Nifanyeje?" Nikashuka, nikamfuata huyo dereva. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, glasi ya chai mkononi, chai imepoa mpaka maziwa yameganda utando juu. Kope zake zilikuwa zinashuka polepole, zinasimama katikati, kisha zinapanda tena. Akawa anaongea nami vizuri tu, sentensi kamili, lakini swali moja alinijibu mara mbili bila kujua. Nikamwambia, "Ndugu yangu, panda ukalale. Nitaongea na bosi wako mimi." Hakubisha. Nilipiga ile simu, nikatukanwa, na lile trela halikuondoka mpaka kumekucha.

Alfajiri utingo alipomwamsha, dereva alitaka kuwasha gari papo hapo. Nilimzuia. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kwa usiku mzima mtu hupitia minne hadi sita. Sehemu ya kwanza ya usiku ina usingizi mzito zaidi, ule unaorudisha nguvu za mwili. Kuelekea asubuhi ndoto huwa nyingi, na hapo ubongo hupanga kumbukumbu na kutuliza moyo. Ukiamshwa katikati ya usingizi mzito, akili inabaki na ukungu kwa dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Miguu inafanya kazi na mikono inafanya kazi, ila uamuzi bado. Kwa hiyo amka, nawa uso, zunguka gari, kagua matairi, kunywa chai, ndipo ushike usukani. Ukisimama mchana kujinyoosha, lala dakika 20, usizidishe, ili usizame kwenye ule usingizi mzito. Kama una nafasi ya kutosha, basi lala mzunguko mzima, saa moja na nusu.

Mairungi, yaani miraa, sitaki hata kuyajadili. Kahawa sawa, lakini jua unachokunywa. Kahawa nyingi ya Uganda ni robusta, na robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Kafeini haiondoi adenosini, inaziba tu nafasi yake ubongoni, na baada ya saa tano hivi nusu ya ulichokunywa bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni kinakungoja kitandani saa tatu usiku. Njia nzuri ninayoitumia ni kunywa kahawa kisha kulala zile dakika 20 papo hapo, kwa sababu kafeini huanza kushika kasi baada ya kama nusu saa. Unaamka nayo inafika.

Sisi wa Uganda tuna bahati ambayo hatuitumii. Ukienda Masaka unavuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Maana yake ni kwamba jua letu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi asubuhi mwaka mzima, na tofauti kati ya mwezi na mwezi ni kama nusu saa tu. London mchana wa Desemba haufiki saa 8, na wa Juni unapita saa 16. Watu wa huko inabidi saa ya mwili wao ifukuzane na jua. Yetu inapewa ishara ileile kila siku, na kinachotakiwa ni kutoka nje kuipokea. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na hata siku ya mawingu mwanga wa nje unaizidi taa ya chumbani mara kumi na zaidi. Kwa hiyo siku za mapumziko nyumbani, amka saa ileile uliyozoea, kaa nje dakika 20 au 30, hata kama ni kupalilia migomba tu. Naisisitiza saa ya kuamka kuliko ya kulala. Ukiishika hiyo, ya kulala itakuja yenyewe baada ya siku chache.

Na asikutishe mtu kwamba wazee wetu walilala jua likizama. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Kwa wastani walishikwa na usingizi zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, baridi ya usiku ikiingia, na wengi waliamka kabla halijachomoza. Maongezi ya jioni kando ya moto hayana ubaya. Simu ni jambo lingine, na mimi naona ugomvi ulio ndani ya simu huharibu usingizi kuliko mwanga wake.

Askari wa getini, wauguzi na wengine mnaolala mchana, ninyi mna kazi ngumu kuliko sisi, maana mnalala wakati joto la mwili linapanda. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito cheusi. Kitenge chepesi kinapitisha mwanga. Ukitoka zamu asubuhi vaa kofia na miwani ya jua, na usipitie sokoni, nenda kalale. Nyumbani wakubaliane kwamba hadi saa nane mchana hakuna anayekuamsha kwa habari ya sukari au karo.

Msidhani pia kila usingizi ni uchovu. Dereva anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza kana kwamba amekata pumzi, kisha akashtuka, aende hospitali, kwa sababu hata akilala kwa muda wa saa tisa ataamka amechoka. Na tusisahau malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, Busoga na Buganda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza ule wa aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma, lakini ule wa aina nyingine, rhodesiense, haujatoweka. Vimelea vyake huvuruga ile saa ya mwili, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Ukiona hivyo pamoja na homa na kichwa kuuma kusikokwisha, na umepita penye mbung'o, mwambie daktari waziwazi.

Wenye magari, neno hili ni lenu. Mpangieni dereva awe ameegesha kufikia saa nne usiku na aondoke saa kumi na mbili asubuhi. Mzigo utachelewa saa chache. Ukitaka kumpigia simu, mpigie saa mbili usiku umuulize analala wapi, kisha usimpigie tena mpaka kukuche.