Jibu: Kwenda Kwale kwa baiskeli bila kusongwa na magari

Salaam ndugu. Umeuliza utafikaje milima ya Shimba, huko Kwale, kutoka kisiwa cha Mombasa bila kubanwa na malori. Kipande kibaya cha barabara ni Likoni, ng'ambo ya feri, hadi Kombani, kwenye njiapanda ya Kwale. Mimi sikiendeshi tena. Vuka feri alfajiri, pandisha baiskeli juu ya matatu, shuka Kombani, ndipo uanze mlima wa Kwale.

Kwanza kagua raba za breki. Kupanda ni jasho tu, kushuka ndiko kunakotisha: zangu ziliwahi kuisha katikati ya mteremko, nikasimama kwa kuburura viatu. Ukifika juu, shika njia za vumbi za vijijini, kati ya minazi na mikanju. Huko utasikia ndege tu! Ila usikate msituni: mna tembo na nyati.