Video ya gari kwa bajeti ndogo: anza na mwanga, kamera baadaye

Mkuu, umesema una Canon 200D na lenzi yake ya 18-55, mfukoni una laki sita, na unataka kumpigia rafiki yako wa Njiro video ya Mark X nyeusi itoke kama tangazo la runinga. Unauliza ununue gimbali (kile kishikio cha kutuliza kamera ukitembea), au uuze kamera uongezee upate kubwa zaidi. Kazi hii naifanya hapa Arusha na Moshi, wateja wangu wengi wanauza magari, na nakusihi usianze na lolote kati ya hayo mawili. Kamera hiyo inatosha kabisa.

Gari jeusi ni kioo. Ukiliegesha kando ya maduka, ubavuni utaona mabango, nguzo za umeme, bodaboda zinazopita na wewe mwenyewe umeshika kamera. Liegeshe uwanja wa wazi, ubavu ukitazama anga tupu, utaona mstari mmoja wa mwanga ukianzia taa ya mbele hadi ya nyuma, ukifuata kila mkunjo wa bodi. Mstari huo ndio unaowafanya watu wadhani umetumia kamera ya mamilioni. Studio kubwa huutengeneza kwa taa pana zinazoning'inizwa juu ya gari. Sisi tunaupata bure jua likishazama: elekeza ubavu wa gari magharibi, nawe simama upande huohuo, pembeni kidogo, usijione kwenye rangi.

Ila ujiandae mapema. Huku karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, giza halichelewi. Likizama kwenye saa 12 na nusu jioni, una kama dakika 20 za mwanga mzuri. Gari liwe limeshaoshwa na kufutwa, fremu zako umeshazichagua. Asubuhi ni hivyohivyo. Ikifika saa 2 na nusu jua limeshapanda, paa linawaka na ubavu uko gizani. Kama unautaka mlima nyuma ya gari, asubuhi ndiyo yenyewe. Kutoka Moshi shika barabara ya TPC, kule kwenye miwa tambarare, Kilimanjaro inakaa kaskazini kabla mawingu hayajaifunika. Kwa Meru, baipasi ya Arusha inapita kusini mwa mji, kwa hiyo mlima unaupata kirahisi.

Sasa pesa. Kitu cha kwanza nunua filta ya ND, kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mwanga; namba yake ikiwa kubwa, inapunguza zaidi. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde, ili rimu zikizunguka zionekane zinazunguka. Shata ikiwa kali, mfano 1/1000, rimu zinagandaganda, wakati mwingine zinaonekana kurudi nyuma, na gari linapoteza uzito wake wote. Tatizo ni kwamba kwenye jua kali, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na 1/50 vinakulazimisha kufunga apacha, yaani tundu la lenzi, hadi f/22 ambayo ni ndogo sana, picha inafifia ukali na kila punje ya vumbi kwenye sensa inaonekana. ND8 inakurudisha f/8, ND64 inakufikisha f/2.8, ambayo lenzi yako haiwezi, kwa hiyo ND8 na ND16 zinakutosha. Kipenyo cha lenzi hiyo ni milimita 58, angalia usiuziwe saizi nyingine. Zile ND za kuzungusha ili kuongeza au kupunguza giza, za bei rahisi, ziogope: ukizikaza sana kwenye milimita 18 zinachora msalaba mweusi katikati ya picha.

Ya pili ni filta ya polaraiza, inayopunguza mng'ao unaorudi kwenye vioo na rangi. Izungushe taratibu huku unatazama kioo cha mbele: weupe wa anga unaondoka, usukani na viti vinaonekana. Lakini usiikaze hadi mwisho ukiwa unapiga bodi, utaua ule mstari wa mwanga tulioutafuta.

Kwa picha za gari likiwa limesimama, kamera ishuke hadi usawa wa taa za mbele. Simamisha gari nembo ya rimu ikiwa wima, kisha mwambie dereva akunje usukani ili uso wa rimu ukutazame, siyo kashata za tairi. Tofauti yake ni kubwa mno.

Picha za kutembea hazihitaji gimbali. Kaa siti ya nyuma ya gari lingine, mkanda umefungwa, kioo kimeshushwa, lenzi kwenye milimita 18 na kitulizo cha lenzi (swichi ya IS) kimewashwa, magari yote mawili yaende kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Kwa 1/50 lami inafutika vizuri na mtazamaji anaona kasi kubwa. Nenda Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu. Usikubali kabisa kuning'inia kwenye buti lililo wazi, hata mteja akikubembeleza. Droni iache kwanza, inataka kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Pesa itakayobaki ni ya mafuta ya magari mawili, kuosha gari, na posho ya dereva wa gari la kamera. Huyo mtafute anayeweza kushika mwendo mmoja bila kugusagusa breki, na umlipe vizuri, maana nusu ya utulivu wa picha yako iko kwenye mguu wake.