Glavu Mpya Haipikwi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba glavu mpya ya besiboli hulainika upesi ikitiwa kwenye oveni. Swali hilo limenirudisha kwenye aibu yangu ya miaka mitano iliyopita hapa Minnesota, nilipoipaka glavu ya mwanangu mafuta ya nazi hadi ikashiba, nikaitia kwenye oveni ya moto mdogo, kisha nikaketi kunywa chai. Ilipotoka, kamba zake za ngozi zilikuwa zimekakamaa, na moja ilikatika alipodaka mpira wa kwanza. Kocha aliinyanyua kwa vidole viwili akawaonyesha wazazi wengine, nao wakacheka. Kutuonya angeweza kutuonya pembeni.

Safari hii nilinunua ya inchi 11.5, kwa kuwa kijana hucheza kati ya besi ya pili na ya tatu, yaani vituo wanavyokimbilia wachezaji, ambako bonde la glavu, pale mpira unapokaa, halitakiwi kuwa na kina kirefu, maana mpira sharti utoke upesi. Glavu hukunjwa mahali pawili, penye kidole gumba na penye kidole cha mwisho. Ukiikunja katikati ya kiganja hulala bapa kama chapati, na mpira hauna pa kukaa. Nilivifungua na kuvifunga vikunjo hivyo kwa mkono kila usiku wakati wa taarifa ya habari. Kisha nikachukua mchi wa kinu chetu cha jikoni, nikauzungushia kitambaa, nikatwanga taratibu pale chini ya utando ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo mpira hutua. Kitambaa hakikufaa kitu: glavu ilinuka kitunguu saumu. Mafuta ya ngozi nilipaka tone tu, kwa sababu yakizidi huiongezea uzito na kuilegeza.

Lakini wazazi wenzangu, tusijidanganye: kinachoilainisha glavu hasa ni kurushiana mpira, jioni baada ya jioni, hata kama umetoka kazini umechoka. Tunawanunulia watoto vitu vya bei kubwa, halafu tunawaachia ukuta wa gereji uwarudishie mpira.

Jumamosi mwanangu aliudaka mpira uliobiringika kwa kasi kuliani kwake, akageuka, akaurusha besi ya kwanza na kumtoa mchezoni mkimbiaji. Kocha yuleyule aliiomba glavu, akaifungua, akaifunga, akainusa, akaniuliza nimeipaka nini.

Nikamjibu kwamba ni kitunguu saumu.