Sukari iliyokuwa kidoleni

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi kwenye kambi za watoto za majira ya joto huku Marekani, msimu huu nilikuwa nimeamua ninyamaze. Jumanne usiku nikashindwa. Nimemkuta nesi mgeni kando ya moto, mtoto mwenye kisukari amekaa kwenye gogo, anafutwa kidole kwa pamba ya spiriti na kuchomwa papo hapo apimwe sukari. Nilimshika nesi mkono kabla tone la damu halijagusa stripu ya kipimo. Aliudhika, na namwelewa. Sababu iko namba 4, lakini msiziruke hizi za mwanzo, maana nazo zimekosewa wiki hii hii.

1. Siku ya kupokea watoto, dawa isiyokuwa kwenye chupa yake ya famasi yenye jina la mtoto usiipokee. Mzazi ataapa kwamba vile vidonge vya kwenye mfuko wa plastiki ni vya aleji tu. Mshukuru, kisha mpigie daktari wa mtoto. Chawa nao wakaguliwe hapo hapo, kabla begi halijafika kwenye kibanda anacholala. Ukingoja mpaka kesho, watoto wameshabadilishana kofia na utakagua kibanda kizima.

2. Uzito huku Marekani huandikwa kwa pauni. Gawa kwa 2.2 kabla hujagusa dawa yoyote: mtoto wa pauni 66 ana kilo 30. Sukari pia, sisi tuliosomea nyumbani tumezoea milimoli, huku ni miligramu. Ile 3.9 yetu, mpaka wa sukari kushuka mno, ndiyo 70 yao. Bandika kikaratasi kwenye mlango wa kabati.

3. Tumbo la siku ya pili. Hapa jimbo la Maine watoto wengine hukaa kambini wiki saba, na wapo ambao hawajawahi kulala mbali na mama. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana utaiona foleni, wote tumbo. Pima joto, bonyeza tumbo, hasa chini upande wa kulia, uliza choo alipata lini, mpe maji. Ukishajiridhisha, vuta kiti ukae. Aliwahi kuja binti wa miaka minane akasema anayeumwa ni dubu wake wa kitambaa. Nikampima dubu joto. Nikamuuliza dubu huwa analala na nani nyumbani. Dubu alikuwa na mengi ya kusema, alimaliza karibu nusu saa, na yule binti akaondoka amefuta machozi, anauliza kuogelea ni saa ngapi. Tafadhali, msimwambie mtoto kwamba haumwi. Anaumwa.

4. Sasa ule moto.

Ulikuwa msimu wangu wa pili, kambi nyingine. Mvulana wa miaka tisa, kisukari aina ya kwanza. Siku hiyo kibanda chao kilishinda ziwani kwenye mitumbwi, na wakati wa kurudi walipiga makasia dhidi ya upepo hadi saa kumi jioni. Kihisio chake cha sukari kilibanduka majini, kingine kilikuwa njiani kwa posta, kwa hiyo tulikuwa tunamchoma kidole. Saa tatu usiku nikafika motoni na kisanduku changu. Nilikuwa bado na dawa za watoto kumi na wanane. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anamaliza kubanika mashimelo, zile peremende laini nyeupe za kuchoma kwenye kijiti. Nikamfuta kidole kwa spiriti, nikachoma. 312.

Akaitazama namba ile, akaniambia, “Mbona mwili wangu hausemi hivyo?”

Sikumjibu. Nikafungua karatasi ya daktari, nikapiga hesabu ya insulini ya kushusha sukari iliyopanda, mwenzangu akahakiki, tukasaini wote wawili. Uniti mbili. Nikamdunga, nikamtakia usiku mwema, nikaendelea na wengine.

Saa nane usiku mlezi wa kibanda akagonga mlango wa zahanati. Mtoto anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilikimbia na tochi. Shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, ananitazama asinijue. Nikapima sukari: 38. Alikuwa bado anameza, nikamnywesha juisi kidogo kidogo, gramu 15 za sukari, nikangoja dakika 15. Ikawa 44. Juisi tena. Mlezi alikuwa amesimama nyuma yangu na glukagoni mkononi, dawa ya kupandisha sukari, tayari, kwa sababu mtoto akishindwa kumeza humpi tena kitu mdomoni: unamlaza ubavu na kumpa hiyo. Dakika 15 nyingine. 71. Akaniita kwa jina langu. Nikampa biskuti na maziwa, nikakaa pale, napima kila nusu saa.

Karibu na alfajiri nilimshika mkono nipime tena, mwanga wa tochi ukaangukia kidole. Pembeni mwa ukucha palikuwa na kitu cheupe kimekauka. Nikakigusa. Kinanata. Spiriti inaua vijidudu, haiondoi sukari. Saa tatu usiku nilikuwa nimepima mashimelo, nikamdunga insulini mtoto ambaye misuli yake, baada ya kutwa nzima ya makasia, ingeendelea kufyonza sukari usiku kucha hata bila mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia mama yake, nikamweleza yote kwa mfuatano. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimesoma fomu yake. Ilikuwepo faili lile lile, kwa mwandiko wake: aoshwe mikono kwa sabuni kabla ya kupimwa, anapenda vitu vitamu na huwa halambi vidole vikaisha. Nilikuwa nimesoma karatasi ya daktari peke yake. Ya mama niliiona ndefu.

Kwa hiyo: maji na sabuni, kausha, ndipo uchome. Mkiwa porini bila maji, futa tone la kwanza, tumia la pili. Namba isiyofanana na mtoto aliye mbele yako, osha upime tena kabla ya insulini. Na kabla ya dozi ya usiku, muulize mlezi mtoto ameshinda wapi. Kama ni mtumbwi au mlima, mpigie daktari kuhusu kipimo, na saa nane amka ukapime.

5. Kalamu ya adrenalini, ile sindano ya aleji kali, inatembea na mtoto, haifungiwi kabatini. Ikitumika, piga 911, namba ya dharura, hata kama ameanza kucheka, kwa kuwa aleji inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

6. Kupe: kibano chembamba, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Hakuna kiberiti, hakuna mafuta. Na wakati wa kumpaka mtoto, mafuta ya kukinga jua yanatangulia, dawa ya mbu inafuata.

Yule nesi wa Jumanne nilikwenda naye na mtoto hadi bombani. Tukaosha, tukakausha, akachoma upya. 118. Aliiandika, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza fomu za wazazi zinawekwa wapi.